Bata wa Beryl

Huku Spalding ardhi imelala chini ya bahari
na haijui.
Kabichi hazijui, maua ya tulipu hayajui.
Tunajua sisi wa chumba cha pampu:
pampu kumi na tisa, malango saba,
na kompyuta moja yenye rangi ya meno ya mvutaji
inayoziita zote kwa zamu, polepole,
kama mwalimu na daftari la mahudhurio.

Nimepewa hadi Ijumaa. Nichague programu mpya.

Beryl Codd, aliyeichora skrini hii mwaka wa tisini na nne,
alistaafu, kisha akafa.
Aliacha mistari ya buluu, namba za kijani,
na pembeni kabisa, juu ya mfereji wa mwisho,
bata.
Bata wa vidoti kumi na vinne.
Anapiga mbizi, anaibuka. Anapiga mbizi, anaibuka.
Nilidhani ni utani.

Wa kwanza alikuja Jumatatu, viatu vinang'aa,
akatandaza picha ukutani, nusura aghani:

    Yaona hata gizani,
    yasoma hadi simuni,
    yasafiri mawinguni,
    na bei haina shaka.

Kizuri chajiuza, nikasema moyoni,
nikauliza tunalipaje.
Kwa nukta. Kila kipimo ni nukta, kila nukta na bei yake.
Nikahesabu: joto la mota, mtetemo,
kina cha maji mbele ya lango, kina nyuma yake,
elfu mbili mia sita na kumi.
Nikamwona mtu wa hesabu, mwakani, akisema
joto la mota la nini, si mtaigusa kwa mkono?
Ndivyo mtambo unavyopofushwa,
jicho moja moja, kwa kubana matumizi.

Wa pili hakuja kabisa. Yake ni ya bure,
imejengwa na watu wa kujitolea, safi, naipenda hadi leo.
Ila nilipoandika kuuliza nani atapokea simu
usiku wa Krismasi, mto Welland umefura,
jibu lilichukua siku tatu:
wewe.

Clifford Tebbutt wa zamu ya usiku,
miaka thelathini na mmoja kwenye kiti kile kile,
alihudhuria kila kikao kwa ajili ya biskuti.
Swali lake lilikuwa moja:
"Na bata atakaa wapi?"
Wa viatu alicheka. Anawekeka, akasema, kwa nyongeza kidogo.
Wa tatu, mhandisi kutoka Hull, karatasi zimemlowa, mafua yamemkaba,
alipenga kamasi kwanza.
"Bata anafanya kazi gani?"

Ndipo Clifford akaeleza, na mimi,
miaka minne humu ndani, nikasikia kwa mara ya kwanza.
Waya ukikatika, namba ya mwisho
hubaki pale pale, kijani, imetulia, inadanganya.
Mita moja nukta mbili. Mita moja nukta mbili.
Maji yako kizingitini, skrini yasema mita moja nukta mbili.
Lakini bata anavuta pumzi kutoka pampu ya mbali kuliko zote.
Ikinyamaza, haibuki.
"Namba siziangalii," akasema. "Namwangalia yeye."

Mhandisi akaandika. Akauliza kengele hulia mara ngapi kwa usiku.
Mia nne.
"Na unazisikia ngapi?"
Biskuti ikasimama nusu ya safari.

Leo ni Ijumaa, nimetia sahihi.
Ni ya kijivu. Vitufe vyake vina sura ya majeneza.
Nukta hazihesabiwi, na yule wa mafua
ameandika namba ya simu ya nyumbani kwa kalamu ya risasi.
Sijui kama nimepatia.
Novemba itasahihisha.

Wenzangu wameondoka. Nimevuta kiti karibu na kompyuta kuukuu,
nanakili vidoti, kimoja kimoja:
mdomo viwili, mkia vitatu.
Beryl hakumtia jicho.
Nami nimemwacha hivyo.